Chifu wa Mkwambani

Juzi Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua nguo uani kwangu, hapa Kilifi, niliposikia ukelele wa binti yangu. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeumia. Nilitoka mbio na mapovu mikononi, nikamkuta amegandamana na ukuta, na dada anayetusaidia kazi za nyumbani ameinua ufagio tayari kupiga. Kwenye ua wa michongoma kinyonga mdogo wa kijani alikuwa akivuka kutoka tawi hadi tawi, mguu mmoja hewani, akitafakari kama aushushe au asiushushe.

"Usimpige," nikasema.

Nikajifuta mapovu kwenye leso, nikanyoosha mkono chini kidogo mbele yake, kiganja juu, nikatulia. Binti yangu alinitazama kana kwamba amegundua leo kuwa mama yake ni mchawi. Kinyonga akazungusha jicho moja kuniangalia, la pili akaliacha kwa mwenye ufagio, na alikuwa na haki. Dakika zikapita, kisha akageuka akaenda zake. Hakunipanda, wala sikutarajia anipande, kwani hatujuani. Lakini mkono wangu ulibaki pale hewani, nikajikuta nina miaka tisa, niko Jilore, nyuma ya jiko la nyanya.

Wewe uliyekulia mashambani utanielewa, na uliyekulia mjini utanivumilia. Nilipelekwa Jilore katikati ya darasa la nne. Mama alikuwa amepata kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja upande wa Watamu, na vyumba vya wafanyakazi havikuruhusu watoto. "Ni mpaka Disemba tu," aliniambia, kisha akanifungia nguo zangu kwenye mfuko mmoja ili nisije nikadhani ni safari ndefu. Kwa mama huyo mwenye haraka nyanya alikuwa ndiye mzazi pekee aliyebaki, na kwangu alikuwa mtu niliyemwona siku za sikukuu tu. Wagiriama tunamwita nyanya hawe. Nilimwita hivyo kwa sababu nililazimika.

Nilikuwa mtoto wa Malindi mjini. Nilizoea taa za umeme, barafu za ukwaju zilizouzwa nyumba ya tatu, na kelele za watoto wa mtaa mzima. Kwa nyanya kulikuwa na nyumba ya udongo na makuti, jiko la pembeni, na shamba la mahindi na kunde lililoteremka mpaka karibu na mto Sabaki, ambako viboko walitoka kuja kula mahindi hayo bila aibu. Asubuhi niliamshwa na kinu cha jirani. Mchana tulikula sima na mchunga, mboga chungu ambayo nyanya aliitia tui la nazi na bado ikabaki chungu. Niliimeza kwa machozi, naye alinitazama akasema, "Utaizoea tu, na ukishaizoea utaisaka." Siku hizi naisaka soko zima la Kilifi, na nikiipata haina uchungu ule.

Nilikuwa na hasira, nakiri. Nilimkasirikia mama, nikakasirikia hoteli, nikakasirikia hata mto. Nyanya akinyoosha mkono kunisuka nywele, nilihepa. Akitaka kunipangusa uso, nilisema naweza mwenyewe. Alijaribu mara mbili tatu, kisha akaniacha. "Haya, kaa na kichaka chako," alisema, akarudi kwenye kunde zake.

Kazi alinipa, maana kwake mtoto asiye na kazi alikuwa mgonjwa. Nilichota maji, niliokota kuni, nilifukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Lakini kazi yangu kubwa ilikuwa tumbaku. Nyanya alikuwa mtu wa tumbaku hasa. Siku ya gulio alinunua majani makavu yaliyosokotwa, akayakausha zaidi juu ya kigae cha moto, na kila jioni nilipotoka shule niliyasaga kwenye jiwe pamoja na magadi mpaka yakawa unga laini wa kupita puani bila kukwaruza. Ulaini wake niliupima kwa vidole. Nilipiga chafya mpaka kifua kikauma, naye akacheka akiwa ndani. Unga ule uliingia kwenye kopo dogo la bati alilolifunga kwenye pindo la leso, na kila mgeni aliyefika alinyoosha kiganja kabla hata hajaketi. Msiba, posa, ugomvi wa mipaka, yote yalizungumzwa baada ya kopo lile kuzunguka.

Siku moja baada ya mvua nilikuwa nachuma vile vitunda vyeupe vya mkwamba, kwenye kichaka kilichokuwa nyuma ya jiko, mkono wangu ukasimama wenyewe. Pale karibu na kidole changu palikuwa na kinyonga. Alikuwa mdogo, hazidi kidole cha kati ukiacha mkia, kijani cha jani jipya, na ukingo wa ngozi shingoni upande wa kulia ulikuwa na pengo kidogo, bila shaka alinusurika jambo huko alikotoka. Alinitazama kwa jicho moja. Kisha akaanza kuondoka kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba mkutano hauwezi kuanza bila yeye. Hapo hapo nikampa jina: Chifu.

Pale kwetu kinyonga hana rafiki. Jirani yetu, mama mmoja ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto, alisema kinyonga akikushika hakuachi mpaka radi ipige. Wengine walisema ukikutana naye asubuhi, rudi nyumbani, siku hiyo imekwisha. Wavulana wakubwa walikuwa na mchezo wao mbaya: walipaka tumbaku kwenye ncha ya kijiti wakamtia kinyonga mdomoni, akabadilika rangi baada ya rangi, akatetemeka, akaanguka. Niliona jambo hilo mara moja njiani kutoka shule, na mpaka leo sipendi kulikumbuka.

Nyanya, aliyekuwa akifukuza viboko kwa debe na matusi, alimwogopa kinyonga kuliko kitu chochote duniani. Nilipomwambia kuna mmoja kwenye mkwamba, aliweka chini ungo uliokuwa mkononi.

"Kaa nacho huko huko," alisema. "Kikivuka kizingiti hiki mmoja wetu atahama, na si mimi."

Tangu siku hiyo alikwenda jikoni kwa kuzunguka nyumba nzima ili asipite karibu na mkwamba.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyenipa elimu ya kwanza. Alisema kinyonga hana sumu, na akikuuma ni kama kubanwa na kibanio cha nguo. Alisema usimshike kutoka juu, maana mwewe hutoka juu, na kinyonga tangu azaliwe anamngoja mwewe. Weka mkono chini yake, mbele, kisha mwache aamue. Nikamwuliza kama kinyonga anaweza kumzoea mtu. Mwalimu akafikiri. "Anaweza kumvumilia," akasema. Nikaona kuvumiliwa kunatosha.

Nikajiwekea nia kwamba Chifu atapanda mkononi mwangu kabla mama hajaja kunichukua. Ukiniuliza kwa nini lilikuwa jambo kubwa hivyo, nitakuambia sasa ambalo wakati ule nisingeweza kulisema: nilitaka kiumbe kimoja pale Jilore kinichague mimi.

Basi nikaanza. Nilikamata panzi wadogo shambani, nikambana mmoja kwenye ncha ya ukoka mrefu, nikausogeza polepole mpaka mbele ya Chifu. Siku tatu alimtazama yule panzi kama mtu aliyeletewa chakula na adui. Siku ya nne ulimi ukachomoka, ukarudi, na panzi akawa hayupo. Nilipiga ukelele wa furaha, Chifu akakimbia, kwa kukimbia kwake kule, nikajifunza kufurahi kimya. Nikaanza kuufupisha ukoka. Kila siku chache nilikata kipande kama cha ukucha, hata ukawa mfupi kiasi kwamba ulimi wake ulikuwa unapita karibu na kidole changu.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Nikiweka kiganja, Chifu alivimba, akafunua mdomo, akatoa mlio wa mvuke wa sufuria, na rangi yake ikageuka kuwa ya ukoko wa sima iliyoungua. Nikiondoa mkono alirudia ukijani wake polepole. Nikiurudisha, ukoko tena. Wiki ya kwanza nilisema amechoka. Wiki ya pili nilisema ana maringo. Wiki ya tatu nilikaa chini ya mkwamba nikalia, na nililia mambo mengi zaidi ya kinyonga.

Sikujua kwamba nyanya alikuwa akiniona. Alikuwa na dirisha dogo la jikoni, tundu tu la kutolea moshi, na kumbe siku zote zile alikuwa akichungulia. Jioni ile aliniita.

"Weye, hebu njoo."

"Naam, hawe."

"Hebu lete vyanda."

Nikampa vidole. Akavinusa kimoja kimoja, polepole, kama anayenusa samaki sokoni.

"Umetoka kunisagia tumbaku, ndiyo ukenda kumshika yule?"

"Ndiyo, hawe."

"Na yule, tumbaku si humwua?" Akaurudisha mkono wangu mapajani mwangu kwa adabu. "Basi si mjinga huyo. Akataa mauti, hakukatai weye."

Rafiki yangu, sijui kama nimewahi kufarijiwa vile tena. Hakunikataa mimi! Kesho yake nilipotoka shule jiwe la kusagia halikuwapo mahali pake. Nilipouliza, nyanya alisema amechoka na tumbaku, inamletea kizunguzungu. Lilikuwa jambo la ajabu, mtu aliyevuta tumbaku puani tangu ujana wake kuchoka nayo siku ya Jumanne. Wiki zile alikuwa hakaliki. Aligombana na kuku, akagombana na sufuria, akasahau chumvi kwenye kunde na akanilaumu mimi. Wageni walinyoosha viganja wakarudi navyo vitupu. Jirani alikuja kuchunguza.

"Mwenzangu, umeokoka?" akauliza kwa sauti ya ng'ambo ya mto.

"Sijaokoka," nyanya akasema. "Nina mgeni nyuma ya jiko."

Niliosha mikono kwa majivu na ndimu kila siku. Kwa kuwa sikuwa na tumbaku ya kusaga, nilikuwa na jioni nzima. Niliketi chini ya mkwamba na kiganja changu kwenye tawi, nikasikiliza njiwa, nikasikiliza kinu, nikahesabu madebe ya watu waliopita kwenda mtoni. Sikumfuata Chifu tena. Mkono ulikaa tu pale, na yeye akaendelea na shughuli zake.

Ikawa siku moja, jua likiwa bado kali, akaja. Aliweka mguu mmoja kwenye kidole changu cha shahada, akautoa. Akauweka tena. Akayumba mbele na nyuma vile wanavyoyumba, kana kwamba upepo unavuma kwake peke yake. Kisha vile vidole vyake vilivyogawanyika makundi mawili vikanibana, baridi kidogo, vyepesi mno, na mguu wa pili ukafuata, na wa tatu, na mkia ukajizungusha kwenye kidole changu cha mwisho. Rangi haikubadilika. Nilishikilia pumzi mpaka macho yakanitoka maji. Kwenye tundu la moshi niliona jicho la nyanya.

Jioni hiyo nilikwenda mwenyewe kuketi kati ya magoti yake, nikampa kichwa anisuke. Alinisuka, akanivuta nywele vibaya sana.

Mama alikuja Disemba kama alivyoahidi. Alikuwa amepanga chumba Malindi na aliniletea viatu vipya. Nilimwonyesha Chifu akitembea kutoka mkono huu hadi ule, naye akasimama mbali akisema, "Vizuri, mwanangu, vizuri, hapo hapo." Nilipoomba tuende naye, akakataa. Mwenye nyumba hakutaka hata paka. Nililia, nikagoma kula, nikatishia kubaki. Mwishowe nyanya, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akasema neno ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Niachie mimi."

Tulikuwa na siku nne. Kumzoeza kinyonga kulinichukua miezi, na nyanya alipaswa kumaliza kwa siku nne. Nilimfundisha vile vile nilivyomfundisha Chifu. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya jiko na kutazama. Siku ya pili alikaribia hatua tano, akiwa amejifunika leso mpaka puani. Siku ya tatu alimlisha Chifu panzi kwa ukoka mrefu, mrefu kuliko wowote niliowahi kuutumia, na ulimi ulipochomoka alitupa ukoka akakimbilia kwenye mahindi, na jirani akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya nne alifumba macho, akanyoosha mkono wenye mishipa mikubwa, akaanza kuwataja wazee wake waliofariki mmoja baada ya mwingine. Chifu akapanda nyanya alipofika kwa babu wa babu yake.

"Ameshapanda?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Ameshapanda, hawe."

"Mbona hana uzito?"

Niliondoka asubuhi juu ya pikapu ya maembe, nikipiga kelele za maagizo mpaka tukapinda kona: usimshike kutoka juu, mpe panzi wadogo, usimwage maji ya moto karibu na mkwamba.

Likizo ya Aprili nilirudi, nikaenda moja kwa moja mkwambani. Chifu alikuwapo. Alikuwa amekua, mkubwa na mnene zaidi ya nilivyofikiri. Nilipoweka mkono akavimba, akafunua mdomo, akawa ukoko wa sima. Nilivunjika moyo.

"Amekusahau kidogo," nyanya alisema nyuma yangu. "Mkumbushe."

"Na lile pengo lake la shingoni, hawe? Mbona halipo?"

"Kidonda si hupona, mwanangu?"

Nikamkumbusha. Ilinichukua wiki mbili za likizo ya wiki tatu, na niliondoka akiwa ameshanipanda tena mkononi. Agosti nilikuja, nikamkuta. Disemba nilikuja, nikamkuta. Likizo moja alikuwa mdogo kuliko likizo iliyotangulia, nikashangaa. "Kiangazi hiki," nyanya akasema, "hata mimi nimepungua." Mara nyingine alikuwa na rangi iliyoelekea kahawia, nami nikauliza, naye akanicheka waziwazi: si kinyonga huyo, ulitaka abaki vile vile? Niliridhika. Mtoto huamini anachokitaka, na mimi nilimtaka Chifu.

Ukaja wakati wa shule ya bweni, kisha chuo Mombasa, kisha kazi. Likizo zikawa fupi na Jilore ikawa mbali, ingawa barabara ilikuwa nzuri kuliko zamani. Nyanya alinunuliwa simu. Alikuwa akipiga, akisubiri niseme shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anasema, "Chifu anakuulizia." Nilicheka. Nilikuwa mtu mzima sasa, nilijua hakuna kinyonga wa umri huo, nikachukulia ni utani wetu. Nilimwambia nitakuja mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwa na mambo yake.

Wakati fulani nilikutana na mtu anayefuga nyoka na vinyonga wa kuonyesha watalii, nikamsimulia habari ya vidole vya tumbaku. Akatabasamu. Alisema kinyonga ana macho ya ajabu lakini pua yake si kitu, hanusi sana. Kwa maoni yake, Chifu hakuwahi kujua habari ya tumbaku. Alikuwa akiuogopa mkono wenye haraka, mkono wa mtoto aliyebakiwa na nusu saa kabla ya kuitwa kuchota maji. Nilipoondolewa kazi ya kusaga, nilipata muda wa kutulia, naye akaja. Nilifikiri nimpigie nyanya nimwambie, tucheke kwamba aliteseka bure. Sikupiga. Mwaka uliofuata akafariki.

Basi baada ya yule kinyonga wa Jumamosi kwenye michongoma yangu, sikupata utulivu. Jumapili nilimchukua binti yangu tukaenda Jilore. Nyumba ya makuti haipo, mjomba wangu mmoja amejenga ya mawe na mabati ya rangi. Jiko limekwenda, na mkwamba umekatwa kupisha tangi la maji. Hakuna kinu, wana mashine ya kusaga barabarani. Mchunga bado umo shambani, nikauchuma nikiwa nimesimama, nikautafuna mbichi, na ulikuwa mchungu sawasawa.

Jirani yupo. Amezeeka, sauti yake sasa haivuki hata ua, lakini alinitambua kabla sijajitaja. Nilimwamkia, akamshika binti yangu mashavu, tukaketi kwenye mkeka wake, nami nikamsimulia habari ya Jumamosi, nikitaraji tucheke.

Hakucheka. "Kwani hukuambiwa?" akasema.

"Sikuambiwa nini, mama?"

"Yule wako wa kwanza, yule mdogo wa pengo. Hakumaliza Januari."

Akanieleza taratibu, akichambua kunde. Mlipoondoka, alisema, nyumba ilimshinda nyanya yako. Siku tatu hakuwasha moto. Januari ilipofika alikwenda kutafuta tumbaku, akavuta kama mtu mwenye kiu, na kwa vidole vile vile akampa yule kinyonga panzi mkononi, maana alikuwa ameshajua kumlisha bila ukoka na alijivuna sana kwa hilo. Kabla ya alasiri kinyonga alikuwa chini ya mkwamba.

"Alilia," jirani akasema. "Nami mjinga nikamcheka. Nikamwambia, mwenzangu, weye walilia kinyonga? Akalichukua lile kopo akalitupa chooni. Hakuvuta tena mpaka anakufa, weye si ulimwona?"

Nilimwona. Nilidhani ni uzee.

"Aprili ilipokaribia akaja hapa, ataka nimsindikize mtoni. Mwanangu, sisi wawili, wazee wazima, kutwa nzima kwenye vichaka vya Sabaki twatafuta kinyonga! Yeye akimwona mmoja, miguu yamtetemeka, lakini amnyooshea mkono hivi, chini, na macho amefumba. Wa kwanza alimkimbia. Wa pili alipanda, akamleta kwenye kikapu, mimi nimeenda mbele hatua ishirini." Akahesabu kwa vidole. "Tulifanya hivyo mara nne. Ama tano. Kila wakikimbia ama wakifa, twarudi mtoni."

Binti yangu alikuwa ameacha kuchezea mkeka, anasikiliza.

"Mbona hakuniambia ukweli?" nikauliza. "Ningeelewa."

"Hayo ndiyo niliyomwambia mimi. Nikamwambia, mwambie mtoto amekufa, yaishe. Akasema, nikimwambia amekufa, huku atafuata nini?"

Nililia mbele ya mwanangu, sikuona haya. Tulipewa uji, tukanywa, tukaaga. Njiani kurudi binti yangu aliniuliza kama kweli nisingekuja tena, iwapo wangeniambia Chifu amekufa ile Januari. Nikamjibu ningekuja, bila shaka ningekuja, alikuwa nyanya yangu.

Lakini wewe sikudanganyi. Kila likizo ile pikapu ilipotushusha barabarani, yeye alikuwa amesimama mlangoni ananingoja, pengine tangu asubuhi, amejitanda leso yake nzuri. Nami nilipita mbio pembeni yake kwenda nyuma ya jiko, na shikamoo yake niliitoa nikiwa nimeshampa mgongo.